Mzazi Akija na Kitabu Mkononi: Mwongozo kwa Walinzi wa Maktaba Ndogo

Vitabu vingi vinavyopotea katika shule zetu haviondolewi na serikali. Mtu mmoja analalamika, mkuu wa shule anaogopa maneno, na ikifika Ijumaa kitabu kimeshafungiwa kwenye kabati la ofisini. Muhula ukiisha, hakuna anayekumbuka kuwa kilikuwepo. Hilo linaniuma sana, na ndilo lililonifanya niandike. Nataka kitabu kisitoke rafuni kimyakimya, bila mtu kukisoma, bila sababu kuandikwa, bila mtu kutia sahihi yake.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za upili za Vihiga na Kisumu hadi nikastaafu. Sasa ninaangalia chumba cha kusomea nyuma ya ukumbi wa kanisa hapa Manyatta, Kisumu. Vitabu vyetu vimetoka kila pembe: vingine nilivinunua Kibuye kwa wauza mitumba, vingine vililetwa na wahisani kwa makatoni, vingine viliachwa na vijana waliomaliza kidato cha nne. Watoto huingia wakitoka shule, na Jumamosi hujaa mpaka wengine wanaketi sakafuni. Walimu wa shule za karibu huniita niwasaidie kupanga maktaba zao, na swali wanaloniuliza kila ninapokwenda ni hilo hilo: Mwalimu, mzazi akija amekasirika, kitabu kiko mkononi, nifanyeje?

Anza na ukurasa mmoja

Kazi kubwa hufanyika kabla mlalamishi hajabisha hodi. Keti na mkuu wa shule, au na kamati kama maktaba ni ya mtaa, muandike sera ya vitabu. Isizidi ukurasa mmoja, maana sera ndefu huishia kwenye faili. Iseme nani anachagua vitabu na anaangalia nini anapochagua: umri wa msomaji, ubora wa lugha, mahitaji ya masomo, na kwamba watoto wetu wana dini, makabila na hali tofauti za nyumbani, na wote wanastahili kujikuta vitabuni. Iseme malalamiko yanapokelewa na nani, na uamuzi unatolewa ndani ya siku ngapi. Mimi hupendekeza siku 30, kwa sababu watu wanahitaji muda wa kusoma.

Kuna sentensi moja ambayo siachi itolewe hata nikibembelezwa: “Kitabu kinacholalamikiwa kitaendelea kukaa rafuni na kuazimwa mpaka kamati itoe uamuzi kwa maandishi.” Wakuu wa shule huisoma mara mbili, kisha wanauliza kama si afadhali kitabu kiwekwe kando kwa muda, watu watulie. Nawaeleza kwamba kitabu kikishawekwa kando, anayetaka kirudi ndiye anayebeba mzigo wa kufuatilia, na wafuatiliaji huchoka. Kikibaki mahali pake, anayetaka kitoke ndiye atakayekuja kueleza kwa nini.

Utaratibu huu sikuubuni mimi. Chama cha Maktaba cha Marekani, kilichopitisha tamko lake la haki za maktaba mwaka 1939, kimewashauri wakutubi kwa miaka mingi wawe na sera iliyoandikwa, fomu ya malalamiko na kamati ya kusoma. Hata hivyo huko kwao mambo yameharibika: PEN America, shirika la waandishi linalotetea uhuru wa kuandika, lilihesabu matukio 10,046 ya vitabu kuondolewa katika shule za umma katika mwaka wa masomo wa 2023–2024. Kwa hiyo siuzi utaratibu huu kama dawa ya kila ugonjwa. Ninachosema ni kwamba pale unapofuatwa, watu wanajua nani aliamua, aliamua lini na kwa sababu gani, na wanaweza kumwendea.

Sera ikishaandikwa, ipelekwe kwenye bodi ya shule, ipitishwe, na iingizwe katika kumbukumbu za mkutano. Hapa kwetu magharibi kuna jambo ambalo miongozo ya ng'ambo hailijui: shule nyingi zina mfadhili. Kuna za Katoliki, za Anglikana, za Waadventista, na ukipanda Vihiga na Kaimosi unakuta za kanisa la Marafiki (Quakers). Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili uwakilishi ndani ya bodi na inamtambua katika malezi ya kiroho ya shule. Usimfiche. Mwakilishi wa kanisa awe chumbani sera inapojadiliwa, aulize maswali yake magumu, atie sahihi. Kasisi aliyetia sahihi mwezi wa pili hawezi kushangaa mwezi wa sita, na mara nyingi ndiye atakayewatuliza waumini wake.

Siku anapofika

Mpe kiti. Mpe maji. Funga mlango ikiwa wanafunzi wako karibu, kisha unyamaze usikilize. Kosa wanalofanya walimu wengi, hasa wale wanaopenda vitabu, ni kuanza kukitetea kitabu hapo hapo. Mzazi hajaja kwa somo la fasihi. Amekuja kwa sababu anamhofia mtoto wake, na hofu hiyo ni ya kweli hata kama kitabu hakina hatia.

Akimaliza, muulize ni ukurasa gani uliomsumbua na mtoto wake alimwambia nini juu yake. Halafu muulize anataka nini hasa. Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito, kwa kuwa watu wengi hawajaligawa akilini: je, anataka mwanawe asipewe kitabu hicho, au anataka mtoto yeyote asikisome? Ya kwanza ni haki yake, na unaweza kumtimizia kabla hajainuka. Mwambie, “Mama, nimekuelewa. Wa kwako hatakiazima hapa,” kisha uchukue kadi ya mtoto uandike mbele ya macho yake. Malalamiko mengi niliyoyaona yaliishia hapo, mzazi akaaga kwa amani.

Ya pili ni jambo jingine kabisa, na hapo unamweleza kwa heshima ile ile: “Watoto wengine wana wazazi wao, na mimi siwezi kuwaamulia kwa niaba yako. Lakini kuna fomu, na kuna kamati itakayokusikiliza.”

Fomu iwe ya Kiswahili chepesi, na kama mzazi hasomi vizuri, umwandikie anavyosema kisha umsomee. Iulize jina la kitabu na mwandishi. Umekisoma chote, au sehemu? Kama ni sehemu, ipi? Ni jambo gani linalokusumbua, na liko ukurasa wa ngapi? Unadhani mwandishi alikuwa anataka kusema nini? Unaomba tufanye nini? Unazungumza kwa niaba yako au ya kundi, na kama ni kundi, lipi? Swali la kama amekisoma chote usiliulize kwa kejeli wala kwa kumtega. Liulize kwa sababu jibu lake litaisaidia kamati. Wapo wanaochukua kitabu, wanaenda nacho nyumbani, na wanarudi baada ya wiki wakisema fomu haihitajiki tena.

Siku hizi mara nyingi mlalamishi haji kwa miguu. Ukurasa mmoja unapigwa picha, unaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi usiku, na asubuhi kuna ujumbe mia moja. Usijibishane humo. Andika mara moja tu: “Wazazi wetu, tumeiona picha ya ukurasa huo. Kitabu kizima kipo maktabani na kila mzazi anakaribishwa kuja kukisoma. Mwenye malalamiko atapewa fomu ofisini, na bodi itajibu kwa maandishi.” Halafu nyamaza. Ukurasa mmoja hauwezi kukwambia kama mwandishi anausifu uovu au anaulaani, na hilo hutalimaliza kwenye simu.

Kamati isome, na isome chote

Watu watano au sita wanatosha: mwalimu wa lugha, mwalimu wa somo jingine, mzazi mmoja au wawili, mwakilishi wa mfadhili, na kama ni shule ya upili, weka mwanafunzi wa darasa la juu, mradi asiwe mtoto wa mlalamishi. Mlalamishi asikae kwenye kamati, ila aitwe aeleze. Mkutubi pia aeleze, kisha watoke wote wawili.

Shida ya kweli kwetu ni nakala. Miongozo ya nchi zenye uwezo husema kila mjumbe apewe nakala yake, na sisi nakala ni moja, tena ina gamba lililoshonwa kwa uzi. Njia niliyoizoea ni kusoma kwa sauti. Tunakutana Jumamosi asubuhi, kila mmoja anasoma sura moja, mwingine anapokea. Inachukua muda, lakini ina faida ambayo sikuitarajia: mtu aliyekuja akiwa ameshakata shauri hujikuta anauliza nini kitampata mhusika. Na hakuna anayeweza kudai baadaye kwamba hakusoma.

Nitoe mfano. Mama mmoja, mtu mwema na mwenye bidii kanisani, alilalamikia riwaya moja tuliyokuwa nayo. Ndani yake kuna msichana anayedhulumiwa na baba yake wa kambo, na mwandishi hazungukizunguki, anasema kilichotendeka. Mama alisema kitabu kama hicho kinawafundisha watoto uchafu. Kamati ikasoma. Ikaona kwamba tukio lenyewe limeandikwa kwa aya mbili, na kurasa zinazofuata zote zinahusu jinsi msichana anavyomtafuta mtu mzima wa kumwamini. Mjumbe mmoja akapendekeza njia ya kati: kitabu kibaki, lakini kiazimwe kwa barua ya ruhusa ya mzazi.

Hapo nilipinga, na ningepinga tena leo. Ruhusa ya mzazi inasikika kama busara, na kwa vitabu vingine huenda haidhuru. Lakini kwa kitabu cha aina hii, mtoto anayekihitaji kuliko wote ndiye asiyeweza kwenda nyumbani kuomba ruhusa ya kukisoma. Atamwomba nani? Tungekuwa tumemwekea mlango halafu ufunguo tukampa yule anayemtesa. Miezi michache kabla ya malalamiko hayo, msichana mmoja alikuwa amekisoma kitabu hicho pale pale kwenye benchi, bila kukiazima, siku baada ya siku, na alipomaliza akaniuliza kama kuna mtu anayeweza kuzungumza naye. Nilimpa namba 116, ile ya bure ya kuwasaidia watoto, na nikatembea naye mpaka kwa mtu anayehusika. Zaidi ya hayo si langu kusimulia, na kamati sikuiambia hata hayo, ila niliyabeba moyoni nilipokuwa naongea.

Kamati iliamua kitabu kihamie rafu ya kidato cha tatu na cha nne, kiazimwe bila barua, na ndani ya jalada la nyuma ibandikwe karatasi yenye namba ya 116. Mama yule hakufurahi. Aliandikiwa barua yenye sababu, kadi ya mwanawe ikabaki na alama, na bado tunasalimiana vizuri. Si lazima kila mtu akubali. Kinachotakiwa ni kila mtu kujua kilichoamuliwa na sababu zake.

Ipe kamati swali moja la kujipima kabla ya kupiga kura: tunataka kukiondoa kwa sababu hakifai umri wa wasomaji wetu, au kwa sababu hatupendi mawazo yaliyomo? Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya wanafunzi dhidi ya bodi ya shule ya Island Trees, New York, na maoni yaliyoongoza kesi hiyo yalisema bodi haiwezi kutoa vitabu maktabani kwa sababu tu haipendi mawazo yake. Sheria yao si sheria yetu, lakini swali ni zuri na linafaa meza yoyote.

Vitabu ambavyo unaweza kuvikataa

Nisieleweke vibaya. Mimi mwenyewe hukataa vitabu. Katoni la msaada likifunguliwa hapa, sehemu kubwa huwa haina maana kwetu: mitaala ya majimbo ya mbali, kompyuta za zamani, ushuru wa nchi za watu. Hivyo haviingii rafuni. Mchwa na unyevu wa ziwa hula vingine, na vya sayansi vilivyopitwa na wakati vinaweza kumdanganya mtoto. Kuchuja rafu ni kazi halali ya mkutubi. Pia kuna mipaka ya sheria: Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya, kinacholinda uhuru wa kujieleza, hakilindi uchochezi wa vita na ghasia wala matamshi ya chuki, na Kanuni ya Adhabu inakataza biashara ya machapisho ya ngono.

Ila kuwa macho, maana uchujaji ndio mlango wanaopitia wale wasiotaka fomu wala kamati. Utaambiwa kitabu “kilikuwa kimechakaa.” Kwa hiyo kila kitabu kinachotolewa kiandikwe kwenye daftari: jina, hali yake, sababu, tarehe, na sahihi za watu wawili. Kitabu kilichochakaa kweli hakiogopi daftari.

Jambo jingine linalowachanganya walimu ni ile orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na taasisi ya mitaala ya kitaifa, KICD, ambayo shule huiita kwa rangi ya jalada lake la machungwa. Orodha hiyo inasema kitabu kipi kimeidhinishwa kufundishia darasani. Kitabu kutokuwemo humo hakumaanishi kimekatazwa maktabani. Hadithi, mashairi, wasifu na magazeti ya zamani vinaweza kukaa rafuni bila kuwemo.

“Hicho kimepigwa marufuku”

Ukiambiwa hivyo, omba uonyeshwe. Kifungu cha 52 cha Kanuni ya Adhabu kinampa waziri uwezo wa kukataza chapisho kwa amri, na amri ya namna hiyo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kama hakuna tangazo, unachosikia ni uvumi. Jibu kwa upole: “Nitafurahi kuiona hiyo amri. Ikifika nitaitii.” Sijaona mtu akirudi nayo.

Usimcheke, hata hivyo, mwalimu mzee anayeshusha sauti anapotaja kitabu fulani. Ana sababu. Ngũgĩ wa Thiong'o alizuiliwa bila kesi kuanzia siku ya mwisho ya 1977, baada ya mchezo wa Kigĩkũyũ alioshiriki kuuandika kuigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, na riwaya yake Matigari, iliyotoka 1986, ilizolewa na polisi madukani mwaka uliofuata. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa miaka sita mwaka 1982 kwa kupatikana na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi. Mwaka 1990 lilipigwa marufuku jarida la Nairobi Law Monthly. Kaka yangu alikuwa chuo kikuu wakati wa misako ya Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali miaka ya 1980, akarudi nyumbani likizo na kufukia vitabu vyake ndani ya debe nyuma ya ghala la mahindi. Mama yetu alijua na hakusema. Vifungu vya uchochezi vilivyowafunga watu kama Kinyatti vilifutwa mwaka 1997, na Katiba ya 2010 ikaja na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo. Sheria imebadilika, lakini woga umebaki katika mikono ya watu, na mkono wenye woga hukiondoa kitabu kabla hata ya kuombwa. Mwenzako akiwa hivyo, mwonyeshe Katiba. Mimi huibandika nakala ya Kifungu cha 33 na cha 35, kile cha haki ya kupata habari, ukutani, karibu na ratiba.

Kitabu kikishatoweka

Shule moja, ambayo sitaitaja, ilijaza sanduku zima la vitabu likapelekwa stoo. Hakukuwa na fomu, kamati wala maneno. Wanafunzi ndio waliogundua, na mzazi mmoja akaja kwangu kuniuliza afanye nini. Tuliandika barua. Nakupa muundo wake, uutumie:

“Kwa Mkuu wa Shule.
KUH: OMBI LA HABARI KUHUSU VITABU VILIVYOONDOLEWA MAKTABANI
Mimi ni raia wa Kenya na mzazi katika shule hii. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba orodha ya vitabu vilivyoondolewa maktabani muhula huu, nakala ya uamuzi wa kuviondoa, cheo cha aliyeamua, sababu zilizotolewa, na mahali vitabu vilipo sasa. Naomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 21.”

Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo usikubali kurudishwa kwa ajili ya lugha. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Siku 21 ndizo za sheria, na zinaweza kuongezwa mara moja kwa siku 14 ikiwa kilichoombwa ni kingi. Peleka nakala mbili, na ya kwako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikataa kupiga muhuri, andika jina la cheo chake, tarehe na saa, na utume nakala nyingine kwa posta ya rejista.

Ninawasihi walimu wasitie sahihi barua hii wao wenyewe. Mwalimu anaweza kuhamishwa kesho, na maktaba ikabaki bila mlinzi. Mzazi ana uhuru ambao mwalimu hana. Mwalimu amsaidie kuandika.

Wasipojibu, au wakikataa, una siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya na Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo wengi tunaiita Ombudsman. Ina ofisi hapa Kisumu. Nenda na nakala yako yenye muhuri. Shule ile ya sanduku haikungoja tufike huko. Jibu lilikuja kwamba vitabu “vilipelekwa kukarabatiwa,” na kabla muhula haujaisha vingi vilikuwa vimerudi, bila hata kimoja kuguswa gundi. Vichache havikurudi, na mzazi yule akaandika barua ya pili akivitaja kwa majina.

Kuna mahakama pia. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama Kuu haki yake ikikiukwa, na kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo. Lakini nikuambie ukweli nilioushuhudia pamoja na nchi nzima. Mwaka 2025 mchezo wa Echoes of War wa wasichana wa shule ya Butere, Kakamega, ulizuiwa katika mashindano ya kitaifa ya drama. Kesi ikapelekwa, na Mahakama Kuu ya Kisii ikaamuru waruhusiwe kuigiza. Mwandishi wa mchezo, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega, akakamatwa Nakuru usiku wa kuamkia zamu yao. Tarehe 10 Aprili wasichana wale waliingia jukwaani bila hadhira, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza, na nje polisi wakatupia watu vitoa machozi. Walishinda kwenye karatasi, na mchezo haukuchezwa.

Kwa hiyo ukipata amri, au hata uamuzi mzuri wa bodi, usikae nyumbani ukidhani kazi imekwisha. Chukua nakala kadhaa. Mkabidhi mkuu wa shule yake mbele ya wazazi wengine, watie sahihi kwamba wameona. Mpe mwakilishi wa mfadhili nakala, na afisa wa elimu wa kaunti ndogo nakala. Kubalianeni siku ambayo kitabu kitarudi rafuni, na siku hiyo mfike mkione kikirudishwa.

Mwisho wa kila muhula, kabla shule haijafungwa, chukua daftari la vitabu, lile lenye namba ya kila kitabu kilichoingia, na usimame nalo mbele ya rafu pamoja na wanafunzi wawili. Mmoja asome namba, mwingine aguse kitabu. Kisichoonekana kitafutwe kwanza kwenye daftari la kuazima, kisha kwenye daftari la vilivyotolewa. Kisipokuwemo popote, andika jina lake siku hiyo hiyo, na barua ya kuuliza iende ofisini kabla watu hawajaenda likizo.